Kinga Iliyochoka Si Kinga Iliyokufa

Mimi ni mama wa miaka 59, nimeolewa upande wa Mutomo, Kitui, lakini kwetu ni Makueni. Mwaka jana nilienda kumtolea damu mkwe wangu aliyekuwa anapasuliwa, baadaye nikapigiwa simu nirudi. Nikaambiwa nina homa ya ini, ile ya C. Nimepewa vidonge vya miezi mitatu, kimoja kwa siku. Nimemeza wiki tano.

Halafu mambo yakaharibika. Mzee mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kliniki, naye alikuwa amemaliza dawa, alirudi macho yamekuwa manjano kama kiini cha yai. Jirani yangu akaniambia dawa hizi zinakula kinga, kwamba ukimaliza kopo la mwisho mwili unabaki wazi kama boma lisilo na ua. Akasema ni jamaa moja na dawa za UKIMWI. Mke wa mwanangu amenitengea kikombe na sahani yangu. Mimi mwenyewe nahisi uchovu na kichwa kinaniuma. Leo ni siku ya nne sijameza. Nakunywa tu dawa yangu ya vidonda vya tumbo, omeprazole, na chupa ya mizizi niliyoletewa.

Mwaka 2004 tulizika shemeji yangu na wanawe wawili, macho manjano, kwa sababu ya mahindi. Naogopa kifo kile kimenirudia. Nilipojifungua mtoto wa pili, 1988, niliongezwa damu. Je, ndiko nilikoupata ugonjwa? Na hizi dawa zinanimalizia kinga? Niambie ukweli, Sista, hata kama ni mchungu.

Mama Mwenye Hofu, Mutomo.

*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijaeleza lolote nakuomba ufanye jambo moja. Kidonge cha leo kimeze leo. Kimeze kimoja tu, kama ulivyoandikiwa, wala usimeze vinne kufidia siku zilizopita. Kisha ipigie simu kliniki yako uwaambie umeruka siku nne. Kwa mtu aliyekwisha meza wiki tano, siku nne hazijaharibu matibabu, lakini zikiendelea zitaharibu, kwa sababu kirusi kinachopata nafasi ya kupumua katikati ya dawa hujifunza kuikwepa. Na ukiona macho yako yamebadilika rangi, mkojo umekuwa mweusi kama strungi, tumbo limejaa maji au akili imeanza kuchanganyikiwa, usinisubiri mimi wala simu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya kinga.

Wewe umelelewa Makueni, kwa hiyo unajua mtama unapokaribia kukomaa. Watoto hupelekwa shambani alfajiri kuamia ndege. Wanapiga kelele, wanapiga madebe, wanarusha mawe kwa kombeo. Siku ya kwanza ndege wanatimka wote. Baada ya mwezi sauti zimekauka, mikono imechoka, na ndege wameshazoea: wanaruka kidogo, wanatua hatua mbili mbele, wanaendelea kula. Mtoto bado yupo shambani na kelele bado anapiga, lakini kelele zile hazimfukuzi mtu.

Hivyo ndivyo kinga yako ilivyoishi na kirusi cha C. Kirusi hiki kinakaa katika ini, na kwa mtu asiyetibiwa huzaliana kwa wingi wa kutisha: chembe mpya zipatazo trilioni moja kwa siku moja. Chembe nyeupe zilizoumbwa kukitafuta hupigana nacho kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka zinachoka. Kuchoka huku si maneno yangu ya mfano tu. Wanasayansi wanaochunguza damu wanalitumia neno hilo hilo: seli ya kinga iliyochoka, ambayo ipo, inamwona adui, lakini haiui tena. Wakati huo ini zima linaendelea kupiga kamsa. Kuna protini inayoitwa intaferoni, ambayo ndiyo mbiu ya mgambo ya mwili, na kwa mgonjwa wa C mbiu hiyo hulia ndani ya ini usiku na mchana. Kelele isiyokwisha huchosha na kuumiza. Kovu ambalo huenda lipo kwenye ini lako limetokana zaidi na vita hivyo vya muda mrefu kuliko lilivyotokana na meno ya kirusi chenyewe.

Vidonge vyako havimgusi mtoto anayeamia. Havimpi nguvu wala havimpokonyi kombeo. Kazi ya vidonge ni kumzuia ndege asizae. Ile dawa inayoitwa sofosbuvir hujifanya tofali: kirusi kinapojenga nakala yake kikaliokota tofali hilo, ujenzi unakwama hapo hapo. Dawa ya pili iliyo ndani ya kidonge kile kile huishika protini nyingine ambayo kirusi kinaihitaji ili kujinakili na kujipanga. Ndege waliopo wanakufa kwa zamu yao, wapya hawazaliwi, na ndani ya wiki chache shamba linanyamaza.

Na shamba likinyamaza, kinga hufanya nini? Waliopima damu za wagonjwa kabla ya vidonge, katikati na baada ya kumaliza wameona jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Mbiu ya intaferoni katika ini hushuka. Zile seli zinazoua bila kuuliza, ambazo kwa miaka zilikuwa zimepotoka tabia, hurudi karibu na hali yake ya kawaida. Baadhi ya askari waliochoka hupata nguvu tena. Watu waliokuwa na vipele vya damu miguuni na maumivu ya viungo kwa sababu kinga yao ilikuwa imevurugika na kuganda kwenye mishipa, wengi wao hupata nafuu. Kwa hiyo jirani yako amelipindua jambo juu chini. Kilichokuwa kinaila kinga yako ni kirusi. Kidonge kinaipa nafasi ya kukaa chini ya mwembe na kunywa uji.

Uliniomba ukweli hata ukiwa mchungu, basi pokea na upande wa pili. Kinga haipumziki ikawa mpya kabisa. Askari waliopigana kwa miaka thelathini wanabaki na alama ndani yao, na alama hiyo haifutiki yote hata kirusi kikiisha. Pia kupona C hakukuachii ngao kama ile ya mtu aliyeugua surua utotoni. Ukichomwa tena sindano yenye damu ya mgonjwa, unaweza kuambukizwa upya kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Chanjo ya C haipo. Hilo nakuomba ulishike.

Je, jirani yako alilitunga tu hilo la dawa inayovuruga kinga? Sidhani. Watu wazima husimulia walichosikia, na kwa miaka mingi kilichosikika kilikuwa kweli. Kabla ya vidonge hivi, C ilitibiwa kwa sindano za hiyo hiyo intaferoni, pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa miezi sita au mwaka mzima. Ilikuwa kama kumwongezea mtoto aliyechoka madebe kumi ya kupiga. Wagonjwa walitetemeka kwa homa, nywele zikapungua, chembe nyeupe zikashuka, damu ikapungua, wengine wakaingia katika huzuni nzito hadi kufikiria kujiua. Na baada ya mateso yote hayo, karibu nusu yao tu ndio walipona. Vidonge vya kizazi chako vilianza kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013. Kwa wiki 12 vinaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Uchovu na kichwa kuuma unavyovisema vinajulikana, kwa wengi ni vya wastani, na huisha. Kunywa maji, kula, pumzika mchana, na uvitaje kliniki.

Kuhusu UKIMWI: ndiyo, dawa zote mbili ni za kupambana na virusi, lakini hazipambani na kirusi kimoja. Kirusi cha UKIMWI huwashambulia askari wa kinga wenyewe, na hujichimbia ndani ya kiini cha seli, kikajiandika katika vinasaba vya mwenye nyumba. Ndiyo maana dawa yake humezwa maisha yote. Kirusi cha C hakifiki chumba cha ndani. Kinaishi ukumbini mwa seli, kinapika na kulala pale pale, na kikinyimwa kuzaa kinakwisha bila kuacha mbegu chini ya sakafu. Kwa sababu hiyo wewe unaweza kuambiwa umepona, ukaacha dawa, na jambo likawa limekwisha.

Sasa nije kwa yule mzee wa benchi, maana naona ndiye aliyekutoa vidonge mkononi.

Macho manjano yana sababu nyingi. Huenda ini lake lilikuwa limechakaa tangu zamani, huenda ni pombe ya kaluvu, huenda ni mitishamba, huenda ni mawe ya nyongo. Anahitaji kupimwa, na ukikutana naye mwambie arudi upesi. Lakini ipo sababu moja ambayo kila mtu anayemeza vidonge vya C anapaswa kuijua, nayo inahusu kinga moja kwa moja. Ni homa ya ini ya B.

Rudi shambani kwetu. Watoto wanapopiga kelele kufukuza ndege, nungunungu aliye shimoni kwenye mpaka wa shamba naye hutulia. Kelele hazikumlenga yeye, lakini zinamfanya asitoke. Siku ndege wanapoisha na watoto wakanyamaza, nungunungu anasikia kimya, anatoka usiku, na asubuhi mihogo imefukuliwa. Mtu anaweza kuwa na B na C kwa pamoja. C ikiwa imetawala, ile mbiu ya ini huifanya B ilale. Vidonge vinapoiondoa C, mbiu inashuka, na B inaweza kuamka, wakati mwingine kwa ukali. Mnamo Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza vidonge hivi viwekewe onyo kubwa kuliko yote juu ya jambo hili, baada ya kukusanya taarifa za wagonjwa 24 ambao B yao iliamka. Wawili walifariki na mmoja alihitaji kubadilishiwa ini.

Usiitupe karatasi hii kwa hofu, endelea kusoma. Wagonjwa 24 walikuwa wachache sana miongoni mwa umati uliokuwa ukimeza dawa duniani, na dawa ya kuzuia jambo hili ni kipimo cha damu kinachofanyika kabla ya kidonge cha kwanza. Ukikutwa na alama ya B, daktari anakuongezea tenofoviri, dawa inayomfungia nungunungu shimoni, na anakupima ini mara kwa mara mpaka baada ya matibabu. Ukikutwa huna B na hujawahi kuwa nayo, unachanjwa: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. B ina chanjo, na ni nzuri. Watoto wetu wa Kenya wanaipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya ile sindano ya pentavalenti, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi na wewe tulizaliwa mapema mno.

Ninalisisitiza la B kwa sababu ya kule unakotoka. Ulitaja 2004, na mimi siwezi kulipita.

Mwaka ule nilikuwa muuguzi kijana katika wodi moja ya Ukambani. Wagonjwa walikuja kwa nyumba nzima: mama, watoto wawili, bibi. Tulidhani ni homa ya manjano, tukadhani ni virusi. Mama mmoja alikuwa amekuja na mahindi ya nyumbani ndani ya kiondo ili wapikiwe wanawe, kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Nilichota punje kiganjani. Ncha zake, pale zinaposhikana na gunzi, zilikuwa na unga wa kijani uliochanganyika na manjano, mwepesi kama poda, na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Alinitazama akasema, "Tumeyaosha, Sista." Walikuwa wameyaosha kweli, na kuyachemsha tangu asubuhi. Sumukuvu, ile mnayoiita aflatoksini, haifi kwa maji wala kwa moto wa jikoni. Mtoto wake mdogo hakurudi nyumbani.

Kufikia 20 Julai 2004 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao wa Makueni na Kitui, wengine wa Machakos na Thika. Mvua zilikuja vibaya, mavuno yalikuwa haba, na watu kwa kuogopa wezi waliyavuna mahindi mabichi wakayaficha ndani ya nyumba walimolala, sakafuni, badala ya kuyaacha yakauke ghalani. Wachunguzi waliopima mahindi sokoni walikuta zaidi ya nusu ya sampuli zimepita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa na serikali wakati ule. Na walipochukua damu za walioumwa wakazilinganisha na za majirani zao wazima, walikuta kwamba walioumwa walikuwa na alama ya homa ya ini B mara nyingi zaidi. Wote walikula mahindi ya eneo lile lile, lakini ini lililokuwa tayari na mgeni ndilo lililoanguka kwanza.

Kwa hiyo dada yangu, kifo cha shemeji yako na ugonjwa wako ni vitu viwili tofauti. Mahindi hayaleti C, na C haikutoka katika kaburi lile. Lakini vinakutana katika kiungo kimoja, na ini lako kwa sasa halina nafasi ya kubebeshwa mzigo mwingine. Kirusi cha B na sumukuvu vikikaa pamoja ndani ya ini, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi kuliko kikiwa kimoja peke yake. Kwa mtu wa Kitui au Makueni anayetibiwa C, kupimwa B na kuchagua mahindi ni sehemu ya matibabu kama kidonge chenyewe.

Ya mahindi unayajua, nitayagusa tu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa, iache kidogo: chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, usiyaweke ghalani. Punje iliyobadilika rangi, iliyovunjika au iliyoliwa na mdudu itoe. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuiondoi yote, kwa hiyo usikoboe mahindi yaliyooza ukadhani umeyasafisha. Na yaliyotupwa usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupitia kwenye maziwa ikamrudia mtoto.

Umeuliza kuhusu damu ya 1988. Inawezekana sana. Kirusi cha C kilitambuliwa 1989, na kipimo cha kukikagua katika damu kikaja baada ya hapo. Aliyekuongezea damu mwaka ule aliokoa maisha yako na ya mtoto kwa maarifa yaliyokuwepo duniani siku hiyo. Hapakuwa na hospitali popote ambayo ingeweza kukiona. Njia nyingine ni sindano zilizochemshwa haraka na kutumiwa kwa watu wengi, wembe wa kutahiria, wembe wa chale kwa mganga. Misri ilikuwa na wagonjwa wa C kwa wingi kuliko karibu nchi zote duniani, na chanzo kikubwa kilikuwa kampeni ya miaka mingi ya sindano za kichocho, zilizotolewa kwa nia njema kwa vyombo visivyosafishwa vya kutosha. Nchi hiyo ikapima watu mamilioni, ikawapa vidonge kama vyako zaidi ya watu milioni 4, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa kukaribia kuutokomeza. Nakuambia haya ili uache kujitafutia dhambi. Ugonjwa huu haukukupata kwa ubaya wako.

Hapa Kenya wengi wanaoupata sasa ni vijana wanaojidunga dawa za kulevya, Mombasa, Kilifi na Nairobi, na labda ndiyo sababu watu wananong'ona wakisikia jina lake. Wale nao ni watoto wa watu, na wanastahili vidonge hivi hivi.

Mwite mke wa mwanao umsomee mstari huu: C haipiti kwenye kikombe, sahani, choo, kukumbatiana, wala chakula ulichopika. Inapita kwa damu. Kinachotengwa ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha na sindano, navyo hutengwa na kila mtu, mgonjwa na mzima. Akuletee kikombe chako mezani. Mume wako apimwe mara moja ili mtulie. Watoto uliowazaa kuanzia huyo wa 1988 wapimwe pia, maana mama huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, ingawa si mara nyingi: karibu watoto 5 au 6 katika 100.

Sasa omeprazole. Hili limenishtua kuliko yote katika barua yako, kwa sababu inaonekana kliniki hawajui. Tazama kopo lako. Ikiwa pameandikwa velpatasvir au ledipasvir pamoja na sofosbuvir, kidonge hicho kinahitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke na kuingia katika damu. Omeprazole inaizima asidi hiyo. Unaweza kumeza kila siku kwa uaminifu na sehemu ya dawa ikapita bila kufanya kazi. Dawa za maji za kiungulia nazo zinahitaji kutenganishwa na kidonge kwa saa nne. Mweleze daktari au mfamasia leo kwenye simu. Wao ndio watakaoamua kama uiache, uibadilishe, au upange saa zake. Wakati huo huo watajie dawa zako zote: za kifafa, za kifua kikuu, za moyo, za ARV kama unazo, kwa sababu baadhi hugongana vibaya na vidonge vya C. Na kama una kisukari, waambie pia. Kirusi kikiondoka sukari huweza kushuka, na kipimo cha dawa yako ya sukari kikawa kikubwa mno.

Chupa ya mizizi iweke chini. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wazee wetu; nyanya yangu alikuwa akichemsha magome na alinitibu kikohozi. Lakini kila unachokunywa hupita kwenye ini, na hakuna aliyeupima mchanganyiko huo pamoja na kidonge chako. Kaluvu pia iache, hata kikombe cha harusi.

Ukimaliza wiki 12, kazi haijaisha. Unasubiri wiki nyingine 12, kisha unapimwa damu kuangalia kirusi chenyewe. Kisipoonekana, umepona. Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi wamelia bure: kile kipimo cha haraka cha tone la kidole kinaangalia kingamwili, yaani alama za askari waliowahi kupigana, na alama hizo hubaki miaka mingi baada ya adui kufa. Ukipimwa hicho mwaka ujao kitasema una C. Vijana wetu wanaoenda kufanya kazi Ghuba hupimwa hivyo hivyo, na aliyepona anaweza kuandikwa mgonjwa. Kwa hiyo karatasi ya kipimo cha kirusi ihifadhi pamoja na kitambulisho na hati ya shamba.

Pia mwombe daktari akueleze hali ya ini lako baada ya miaka yote hii. Kama tayari limekakamaa kwa makovu, utahitaji picha ya tumbo kila miezi sita hata baada ya kupona, kwa sababu kirusi kinaondoka lakini ini lililokakamaa linaweza kuota saratani. Kama halijafika huko, ini lina uwezo mkubwa wa kujiponya likiachwa litulie.

Meza kidonge cha leo, piga ile simu. Jumatatu nenda kliniki ukiwa na kopo la vidonge, pakiti ya omeprazole na chupa ya mizizi, uviweke vyote mezani mbele ya daktari. Kisha muulize kama ulipimwa homa ya ini B kabla ya kuanza dawa. Ikiwa kadi yako haina jibu, usiondoke pale kabla hujatolewa damu.